Shali la Bi Fumua

Wauza mitumba wa soko lile walimpokea Bi Fumua kwa namna mbili: wasiomjua walimkaribisha, na waliomjua walichunga kiberiti chake. Bibi huyu hakununua sweta ili alivae. Alilinunua ili alifumue, uzi aufue, auanike, auviringe, halafu afume kitu kingine alichokitaka mwenyewe. Na kwa kuwa hakupenda kuuziwa plastiki kwa jina la sufu, alikuwa na mazoea ya kuchomoa ncha ya uzi upindoni, kuiwasha moto na kuinusa. Ikinuka nywele zilizoungua, analipa. Ikiyeyuka kama mfuko wa nailoni, anaondoka zake, na muuzaji anabaki na sweta lenye moshi na wateja wenye maswali.

Siku moja alikuja ameshikwa mkono na mkamwana wake. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufika sokoni tangu kiharusi kimpitie. Kilikuwa kiharusi kidogo, daktari alisema, lakini kidogo cha daktari na kidogo cha mgonjwa havipimwi kwa mizani moja. Mguu wa kulia aliuburura, na mkono wa kulia aliuficha ndani ya mtandio kama mtu aliyebeba kitu asichotaka watu wakione.

"Bi Fumua! Ndiyo wewe?" alisema muuza sweta, bwana mnene aliyekalia robota lake kama kiti cha enzi. "Tulisikia unaumwa."

"Niliumwa. Sasa siumwi. Nipe lile jeupe."

"Hili? Umechagua jicho la soko, mama. Hili limevaliwa mara moja tu."

"Na nani, ng'ombe? Tazama kiwiko."

Muuzaji alicheka, akalitoa. Bi Fumua hakujali mbele wala mgongo. Alitaka kuona ndani, kwenye mishono, kwa maana sweta lililokatwa kwa mkasi ndipo likashonwa hutoa uzi wa vipandevipande, usioweza kufunga hata mfuko wa chumvi. La kufumuka ni lile lililofumwa kipande kwa kipande kisha likaunganishwa. Akataka kuligeuza. Vidole vya mkono wa kulia vikashika upindo, vikauachia. Vikashika tena, sweta likaanguka chini.

Mkamwana aliliokota, akaligeuza yeye, akamwekea mshono mbele ya macho.

"Nilitaka nikupe kazi," alisema mama mkwe. "Umesimama tu."

"Ndiyo, mama. Nilikuwa nimezubaa."

Muuzaji akataja bei. Bi Fumua akacheka. Akataja nyingine. Bi Fumua akageuka kuondoka, na kwa vile mguu ulikuwa mzito, kuondoka kwenyewe kulichukua muda mrefu hata muuzaji akapata nafasi ya kutaja bei ya tatu kabla bibi hajamaliza kugeuka. Wakakubaliana. Kiberiti siku hiyo hakikutoka, kwa sababu mwenye nacho hakuwa na uhakika kama angeweza kukiwasha.

Sweta lile lilikuwa na safari yake. Binti wa Bi Fumua, aliyekaa katika ndoa miaka mingi akiona watu wakimuuliza kwa macho, hatimaye alikuwa na mimba. Na wajukuu wote wa Bi Fumua walipokelewa duniani kwa shali la mkono wake, jeupe, lenye ukingo wa majani madogo. Huyu wa kungojewa kuliko wote angekosaje?

"Hata kama ni kwa meno," Bi Fumua alisema wakiwa njiani, "nitalifuma."

Mkamwana alimwamini. Mama huyu alikuwa amempenda tangu siku ya kwanza alipoingia nyumba ile, akiwa msichana mwembamba asiyejua kupika wala kujibu. Alimpenda kwa kumsema mchana kutwa na kumwekea kipande kizuri cha nyama usiku. Mkamwana naye alimpenda, na hakuwahi kumwambia, kwa sababu mambo hayo watu hawaambiani. Wanaandaliana maji ya kuoga.

Walilifumua sweta pamoja, uzi ukazungushwa kwenye migongo ya viti viwili, ukafuliwa, ukaning'inizwa na kopo la maji chini yake ili ule mkunjo wa zamani unyooke. Ulipokauka, Bi Fumua aliketi dirishani akaanza.

Mkamwana alifanya kazi kwa dobi wa mtaa wa pili. Alipiga pasi tangu alfajiri, mashati ya watu wa ofisi, na adhuhuri alikuwa nyumbani amechoka, nywele zimejaa mvuke. Muda huo ndio mama mkwe alipokuwa akijilaza. Siku moja aliukuta mfuko wa kufumia sakafuni, akauokota auweke kitini, na shali likachungulia.

Mistari ilikuwa imelegea. Palipotakiwa kuwa na vitanzi vilivyobanana, palikuwa na mwanya. Kitanzi kimoja kilikuwa kimeponyoka na kuteremka mstari baada ya mstari, kikaacha ngazi ndefu katikati ya shali. Ukingo wa majani ulikuwa na jani moja, nalo lilifanana na kitu kilicholiwa na kuku.

Alikaa chini nalo. Alitaka kukiokota kile kitanzi kimoja tu, wallahi, akirudishe mahali pake na basi. Lakini ukivuta uzi unaona mwingine, na sufu haina adabu. Kabla hajajua, alikuwa amefumua kazi ya siku nzima, uzi uko mapajani mwake umejikunja kama tambi, na chumbani mama mkwe anakohoa.

Hapo ilibidi afume. Mwanzoni mwa ndoa mama mkwe alijaribu kumfundisha, akakata tamaa mapema. "Mikono yako ni ya pasi, mwanangu," alimwambia. "Mungu kampa kila mtu yake." Tangu hapo mkamwana alikuwa akitazama tu, jioni baada ya jioni, na kwa siri alijaribu kwa vijiti na masalio ya uzi. Alijua. Hakuwahi kumwambia mtu kwamba anajua, kwa kuwa katika nyumba ile sindano zilikuwa na mwenyewe.

Alifuma haraka, akafika pale pale mama alipokuwa amefika, akarudisha kila kitu mfukoni.

Alasiri Bi Fumua aliamka, akanywa chai, akatoa shali lake. Alilitazama. Akalinyoosha juu ya goti, akalisogeza karibu na dirisha. Kisha uso wake wote ukafunguka.

"Mwanangu! Njoo uone. Asubuhi nilidhani nimeharibu. Kumbe ni macho tu. Hebu tazama."

"Zuri, mama."

"Mkono unarudi," alisema Bi Fumua, na machozi yalikuwa yamemjaa. "Ewe Mola, mkono wangu unarudi."

Ungekuwa wewe, ungesema nini?

Basi ikawa ndiyo desturi. Asubuhi Bi Fumua anafuma, adhuhuri analala, mkamwana anafumua na kufuma upya, alasiri nyumba nzima inaitwa kushuhudia muujiza. Mke wa jirani aliitwa. Mpima mita za maji, aliyekuja kwa shughuli zake, aliitwa naye akasifu ukingo.

Mwana wa Bi Fumua alikuwa fundi wa friji. Siku moja alirudi nyumbani mchana kuchukua kifaa alichosahau, akamkuta mkewe amekaa sakafuni karibu na mlango wa jikoni na shali la mama yake likiwa nusu limefumuliwa.

"Unafanya nini?"

"Nyamaza. Amelala."

Alichuchumaa. Alihitaji muda kuelewa, kisha akauelewa mchezo wote kwa mara moja.

"Siku zote?"

"Siku zote."

"Mke wangu, njia ya mwongo ni fupi."

"Si uongo. Sijasema kitu."

"Friji likivuja," alisema fundi, ambaye hakuwa na mfano mwingine duniani, "wapo mafundi wanaojaza gesi tu. Mwenye nalo anafurahi, barafu inaganda. Baada ya wiki anarudi. Wewe unajaza gesi."

"Na wewe ungemwambia? Haya, mlango ule pale. Nenda kamwamshe mama yako umwambie mkono wake haujarudi."

Fundi aliutazama mlango wa chumba cha mama yake. Akachukua kifaa chake akaenda kazini.

Lakini tundu lilikuwa linavuja kweli. Mama alikuwa amepewa zamu ya mazoezi ya mkono kliniki, na kipira cha kubonyeza nyumbani. Siku ya zamu ilipofika, mkamwana alimletea viatu vyake, akamkuta ametulia kitini.

"Siendi," alisema Bi Fumua. "Kule nikafanye nini? Wanatubonyezesha mipira kama watoto. Mazoezi yangu si haya hapa?" Akainua shali. "Muulize daktari kama kuna mgonjwa wake mmoja anayeweza kufuma jani."

"Lakini mama, daktari alisema..."

"Daktari amesema kwa mdomo. Mimi nasema kwa kazi. Nani mkweli?"

Mkamwana alibaki amesimama na viatu mkononi. Ulimi ulikuwa mzito kuliko pasi zote alizowahi kuinua. Alijua kwamba sasa ndiyo saa ya kusema, na alijua kwamba hatasema, na alijichukia. Mazoezi yale yalikuwa ndiyo tumaini pekee la mkono ule, na ni yeye aliyekuwa akimwibia, kwa upendo, kila adhuhuri. Akavirudisha viatu mvunguni mwa kitanda.

Wifi yake alikuja Jumamosi, tumbo mbele, ameongozana na wanawake wawili wa kazini kwake. Alikuwa mwalimu, na hao walikuwa walimu wenzake, watu wa heshima, wenye mikoba inayolingana na viatu. Sebule ndogo ilijaa. Mkamwana alileta chai, akaketi karibu na mlango kama inavyompasa mwenye kuinuka mara kwa mara.

"Mama, wenzangu hawa hawaamini," alisema wifi. "Nimewaambia, mama yangu aliugua kiharusi na bado ananifumia shali la mtoto."

Bi Fumua alikuwa amevaa nguo yake ya kutokea. Alilikunjua shali juu ya magoti, polepole, kwa raha ya mtu anayejua alichonacho. Wageni waliinama. Wakagusa majani ya ukingo. Wakasema maneno yote ambayo mfumaji hungojea kuyasikia maisha yake yote.

"Yaani ni uzi wa mtumba huu? Siamini!"

"Mtumba kabisa," alisema Bi Fumua. "Kiwiko kilikuwa kimetoboka."

"Bibi, hebu tuonyeshe basi hilo jani linavyofanywa," alisema mwalimu mmoja. "Mimi najaribu jaribu kufuma, ila hapo kwenye ukingo nashindwa."

Mkamwana aliinuka. "Niwaongezee chai?"

"Tuna chai, wifi, kaa," alisema wifi yake.

Bi Fumua alizishika sindano. Alitabasamu, akakohoa kidogo kama mtu atakayehutubia. Akaingiza ncha ya sindano kitanzini, akazungusha uzi, akavuta. Kitanzi kikaponyoka. "Ngojeni," alisema. Akakiokota. Kikatoka tena, nacho kikatoka na mwenzake. Sindano ya kulia iliteleza vidoleni, ikalia kwenye sakafu. Mwalimu aliiokota upesi, akampa kwa mikono miwili, kwa adabu nyingi mno.

"Mwanga hautoshi hapa," alisema wifi, akafungua pazia. Lilikuwa jua la saa sita. Sebule nzima ikang'aa.

Bi Fumua alijaribu tena. Alikuwa ameuma mdomo wa chini, na mkono wa kulia ulitetemeka mbele ya watu wote, na vitanzi vya ukingo vikawa vinashuka kimoja kimoja, jani zuri likifunguka mbele ya macho yake.

"Bibi amechoka," alisema mwalimu wa pili kwa sauti ile ambayo watu huitumia kwa watoto wa wengine. "Tumemchosha bibi wa watu."

Bi Fumua aliacha kufuma. Alilisogeza shali kwenye jua. Akapitisha kidole cha mkono wa kushoto juu ya mistari, kutoka chini kwenda juu, akafika pale pa asubuhi ile, palipokuwa bado hapajaguswa na mtu, palipolegea na kutoboka. Akarudi chini. Akapanda tena. Kisha akainua uso na kumtazama mkamwana wake pale mlangoni, akamtazama mikono.

"Kumbe," alisema.

Akalikunja shali, akalirudisha mfukoni.

"Kunyweni chai, wageni. Inapoa."

Wifi hakungoja wageni wafike mbali. Aliwasindikiza hadi kona, akarudi peke yake, akamkuta mkamwana jikoni anaosha vikombe.

"Umemfanya mama yangu kichekesho."

"Wifi, sikukusudia..."

"Mbele ya watu wa kazini kwangu! Anadanganywa kama mtoto mchanga, ameacha na kliniki, na nyinyi mnamwangalia. Nitakuja Jumamosi ijayo nimchukue. Akakae kwangu, apelekwe kliniki na mtu anayejua kusema kweli."

Kilichomuuma mkamwana ni kwamba hakukuwa na neno hata moja la kupinga.

Wiki ile nyumba ilipoa kama friji ambalo fundi ameacha limewaka na kufungwa. Bi Fumua hakugombana. Laiti angegombana. Alikunywa chai na kukiosha kikombe chake mwenyewe kwa mkono mmoja, maji yakimwagika. Alisema ahsante kwa kila kitu. Na jina "mwanangu" lilipotea kinywani mwake kabisa. Jioni mezani alimwambia fundi, mkewe akiwa amekaa hapo hapo, "Mwambie mke wako nitahitaji lile sanduku langu la nguo."

"Mama, si yuko hapa, unamwona."

"Nimekwambia wewe."

Shali lilikaa mfukoni, halifumwi wala halifumuliwi. Adhuhuri mkamwana alirudi kutoka kwa dobi, akakaa sakafuni kwa mazoea, mikono mitupu. Alilia kidogo, akapangusa uso kwa upindo wa nguo, akaenda kumenya viazi.

Siku ya kuondoka ilipofika, sanduku lilikuwa limeshafungwa asubuhi. Bi Fumua alikaa kitandani, ameshavaa viatu. Mkamwana aliingia na shuka lililopigwa pasi, akasimama nalo pale asijue aliweke wapi, kitanda kikiwa kimekaliwa.

"Ulianza lini?" aliuliza Bi Fumua ghafla.

"Mwanzo kabisa, mama. Tangu jani la kwanza."

"Jani la kwanza halikuwa langu?"

"Lako lilikuwa..." Alitafuta neno. "Lilikuwa limelegea."

"Sema lilikuwaje."

"Lilikuwa kama limeliwa na kuku, mama."

Bi Fumua aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama aliyepokea chenji kamili. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unafurahi. Uliniita ukasema mkono unarudi. Ningekwambia nini tena? Nilifikiri nitaacha kesho yake. Halafu kesho yake ukafurahi tena."

"Kwa hiyo nilikuwa nafurahia kazi yako."

"Nisamehe, mama."

"Nilimshukuru Mungu kwa kazi yako! Nilimwita mpima mita za maji!" Sauti ilipanda, ikakatika. Aliutazama mkono wake wa kulia uliolala juu ya paja. Alipozungumza tena, sauti ilikuwa ndogo. "Unajua kinachoniuma? Si kwamba mkono haukurudi. Ni kwamba nyote mlijua, na mimi mwenye mkono ndiye sikuambiwa."

Mkamwana alikuwa amelikumbatia lile shuka, na mikunjo yote aliyoipiga pasi ilikuwa inarudi.

"Lete mfuko," alisema mama mkwe. "Kaa hapo. Mkono wangu umeuona. Sasa na mimi niuone wako."

Mkamwana alikaa kwenye kigoda mbele yake, akatoa shali. Akaanza mstari. Bi Fumua aliinama kutazama. Akakunja uso. Akainama zaidi.

"Ngoja. Hebu rudia."

Akarudia.

"Mkono gani huo unaovuta uzi?"

"Huu wa kushoto."

"Wewe si wa mkono wa kushoto. Unapiga pasi kwa kulia, unakata vitunguu kwa kulia."

"Ndiyo, mama. Ila kufuma najua hivi."

"Unaanzia mwisho unakwenda mwanzo! Mistari yote unaipita kinyumenyume! Mjinga gani aliyekufundisha hivyo?"

Mkamwana aliinamisha kichwa. "Wewe, mama."

"Mimi?"

"Sikuwahi kukaa karibu yako. Nilikuwa nakaa mbele yako kama hivi, kama mtu na kioo. Mkono uliokuwa upande huu nami nikautumia wa upande huu. Nilipogundua ni kinyume, vidole vilishazoea."

Bi Fumua alimtazama. Bega lilianza kutikisika. Mkamwana akadhani analia, akatupa shali akainuka amshike, kumbe bibi alikuwa anacheka. Alicheka bila sauti kwanza, kisha kwa sauti, akalipiga godoro kwa mkono wa kushoto, akacheka hadi machozi yakamshuka kweli. "Mikono ya pasi," alisema akihema. "Nikasema ni mikono ya pasi! Na jani amelipata! Kalipata kwa kioo!" Na mkamwana naye, ambaye kwa wiki nzima alikuwa hajacheka, alishikwa na kicheko kile kile, cha aibu na nafuu, mpaka fundi akaja mlangoni na bisibisi mkononi akauliza kuna nini, na hakuna aliyeweza kumweleza.

Kicheko kilipokwisha, Bi Fumua alikuwa amebadilika uso. Alikuwa na uso wa soko, ule wa kugeuza sweta ndani nje.

"Mkono wa kushoto ndio unaofanya kazi yote," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na wa kulia?"

"Unashika tu. Wala haushiki sana. Ukitaka unaweza kuibana sindano kwapani."

Bi Fumua aliutazama mkono wake wa kushoto, ule mzima, kama aliyeusahau nyumbani kwa mtu. "Sogeza kigoda," alisema. "Karibu zaidi. Na ufanye polepole, mimi mzee."

"Nitakufundisha, mama. Lakini Jumatatu twende kliniki."

"Kliniki ya nini tena?"

"Basi naondoka na shuka langu." Na mkamwana akainuka kweli, akageuka kuondoka, akageuka polepole sana.

Hakuwa amemaliza kugeuka. "Haya," alisema Bi Fumua. "Kliniki. Umejifunza mengi kwa kioo, wewe mtoto."

Wifi alipofika na teksi aliwakuta hivyo, wamekaliana magoti kwa magoti, sanduku limefungwa katikati ya chumba, na mama yake, sindano kwapani, anatoa jasho kama mwanafunzi wa mtihani.

"Mama, gari linasubiri."

"Liambie liende. Niko darasani."

"Darasani? Na huyu?"

"Nyamaza, mwalimu. Hujui kazi ya wenzako." Kitanzi kikaponyoka. Bi Fumua akasonya, akakifuata kwa mkono wa kushoto, akakikosa, akakifuata tena.

Wifi alisimama pale mlangoni, mkono juu ya tumbo lake. Alitazama kichwa cheupe cha mama yake na kichwa cheusi cha mkamwana vimeinamiana juu ya uzi mmoja. Kisha akavua viatu, miguu ilikuwa imevimba, akakaa juu ya sanduku. "Basi niandalieni hata chai," alisema.

Shali halikumalizika vizuri. Hilo lazima lisemwe. Kutoka chini hadi kupita nusu lilikuwa jeupe na laini, majani yamepangana kama yalivyotakiwa. Kutoka hapo kwenda juu lilikuwa vurugu: mistari ilipanda na kushuka, penye kubana paliachia, penye kuachia palibana, na majani ya ukingo yalifanana na kila kitu isipokuwa majani. Lilikuwa pia na matundu. Mkamwana aliyaona yote. Adhuhuri, mama amelala, vidole vilimwasha hata akavikalia. Hakuligusa.

Mtoto alizaliwa msichana, mwenye mapafu ya nguvu. Alipoletwa kwa bibi yake kwa mara ya kwanza, sebule ilijaa tena watu, na wale walimu wawili walikuwemo. Mtoto alifunikwa shali. Kila aliyeliona alilisifu upande wa chini, akifika juu akanyamaza, akasifu macho ya mtoto.

Mwalimu yule wa kwanza hakuweza kujizuia. "Bibi," alisema kwa upole, "huku juu pana matundu. Nikuokotee hivyo vitanzi? Ni dakika moja tu."

Mkamwana, aliyekuwa karibu na mlango, aliikalia mikono yake.

"Acha," alisema Bi Fumua. "Huku chini kote, kazi nzuri yote unayoiona, ni ya huyu mwanangu hapa. Nani amwambie aje akae huku mbele, mbona anakaa mlangoni kama mgeni?" Akangoja hadi mkamwana akaja akaketi kando yake. "Na huku juu ni mimi."

Mtoto alikuwa ameamka. Alijinyoosha, akautoa mkono, na kidole chake kidogo kikaingia katika tundu kubwa kuliko yote, kikatokea upande wa pili, kikaganda pale. Mama yake alitaka kukichomoa.

"Mwache," alisema Bi Fumua, na mkono wake wa kushoto ukakifuata kile kidole ukakishika. "Hapo ni kwangu. Amebisha hodi."